Mpinzani Akiingilia kwa Moja Bila Turufu: Uamuzi wa Mchezaji wa Tatu

Katika briji, Kaskazini akifungua mnada kwa kopa moja na Mashariki akaingilia kwa kauli ya moja bila turufu, mwenye neno kubwa ni Kusini. Mfunguzi ameshasema kuwa ana nguvu ya kutosha kuanza. Mpinzani naye amesema kuwa ana mkono mkubwa, uliolingana, wenye kizuizi katika kopa. Kusini amesikia kauli zote mbili na anaziona karata zake 13. Kabla mchezaji wa nne hajafungua kinywa, Kusini anaweza kukadiria kwa ukaribu kila upande una nini. Hakuna mchezaji mwingine mezani mwenye habari nyingi kiasi hicho wakati huo, na ndiyo maana kosa la Kusini hapa huwa ghali kuliko la mwingine yeyote.

Hali hii hutokea mara kwa mara, lakini wachezaji wengi huichukulia kama ajali ndogo ya mnada na kujibu kwa mazoea, kana kwamba Mashariki hakusema kitu. Mazoea hayo hayafai. Kauli ya Mashariki inabadilisha maana ya karibu kila kauli ya Kusini, na jozi isiyojua mabadiliko hayo hupoteza pointi ambazo karata zenyewe zilikuwa zimewapa.

Majina ya karata yanayotumika hapa ni yale yaliyozoeleka Pwani tangu zamani, ambayo mizizi yake ni ya Kireno: shupaza, kopa, uru na pau, pamoja na neno turufu lenyewe. Katika mifano, R ni ree, F ni mfalme, M ni malkia na G ni ghulamu. Pigo ni mzunguko mmoja wa karata nne, moja kutoka kwa kila mchezaji. Mkataba wa moja bila turufu unamtaka mchezeshaji apate mapigo 7 kati ya 13 bila msaada wa turufu. Mkono wa mwenzi wake hulazwa mezani wazi, naye mchezeshaji huicheza mikono yote miwili.

Hesabu ya pointi 40

Ree huhesabiwa pointi 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1. Kila aina ina pointi 10, na karata zote zina 40. Hesabu hii ilitangazwa na Milton Work na kuenezwa duniani na Charles Goren, wote Wamarekani, na hadi leo ndiyo kipimo cha kwanza cha mkono.

Mfunguzi wa kopa moja kwa kawaida ana pointi 12 au zaidi, na mara nyingi ana 12 hadi 14. Anayeingilia kwa moja bila turufu ana 15 hadi 18. Mfunguzi akikadiriwa kuwa na 13 na Mashariki 16, zimekwisha 29. Zinabaki 11 tu kwa Kusini na Magharibi pamoja. Kusini akiwa na 9, Magharibi amebakiwa na 2 hivi. Upande wa Kaskazini na Kusini una 22, upande wa pili una 18, na hizo 18 karibu zote zimekaa katika mkono mmoja.

Mchezeshaji ambaye mwenzi wake hana kitu ana shida mbili. Kwanza, pointi zake ni chache kwa mapigo 7. Pili, hana njia ya kuingia katika mkono wa wazi, hivyo kila karata ndogo analazimika kuiongoza kutoka mkononi mwake mwenyewe, kuelekea kwa adui aliyekaa baada yake. Malkia au ghulamu wake ambaye angekula kama angeongozewa kutoka upande wa pili huishia kuliwa. Pointi 18 zilizogawanyika 9 kwa 9 huzaa mapigo mengi kuliko 18 zilizogawanyika 16 kwa 2.

Nafasi ya viti nayo humsaidia Kusini, kwa kuwa hucheza mara tu baada ya Mashariki. Mfalme wa Kusini amekaa nyuma ya malkia wa Mashariki, na ree yake iko nyuma ya mfalme. Zaidi ya hapo, mkataba ukiwa wa Mashariki, Kusini ndiye anayetoa karata ya kwanza, naye ameshaambiwa na mwenzi wake aanze na aina gani.

Dabo ndiyo nguzo

Kutokana na hesabu hiyo, kanuni ya kwanza ni kwamba Kusini mwenye pointi 9 au zaidi hupiga dabo, yaani kauli inayoongeza malipo ya mkataba wa mpinzani ukitimia au ukianguka. Dabo hii ni ya adhabu. Haimwombi mwenzi achague aina nyingine. Inamwambia kuwa pointi nyingi ziko upande wao na kwamba mpinzani amejitosa pabaya.

Bei ya dabo hii ikipimwa, inaonekana ni nafuu. Mashariki akitimiza moja bila turufu bila dabo hupata 90. Akitimiza akiwa amepigwa dabo hupata 180, kwa sababu pointi za mkataba ni 80 tu na hazifiki 100 zinazohitajika kwa mkataba wa mchezo kamili. Hasara ya kukosea ni 90 peke yake. Akianguka mapigo mawili asipokuwa hatarini (hali ya alama inayoongeza tuzo na adhabu), bila dabo hulipa 100, na kwa dabo hulipa 300. Akiwa hatarini, 200 inageuka 500. Dabo ya shupaza mbili ikikosewa humpa mpinzani mchezo kamili, lakini dabo ya moja bila turufu haimpi. Kwa hiyo Kusini hahitaji kuwa na uhakika wa kuangusha mkataba. Inatosha kuangusha mara nyingi kuliko kushindwa.

Kanuni ya pili inatokana na ya kwanza. Kwa kuwa karibu mikono yote yenye nguvu imeingia katika dabo, karibu kila kauli nyingine ya Kusini ni kauli ya mkono dhaifu. Bila Mashariki kuingilia, shupaza moja ya Kusini ingemlazimisha mfunguzi aseme tena. Baada ya moja bila turufu, shupaza mbili ya Kusini haimlazimishi mtu. Mfunguzi anayeendelea kunadi hapo kwa kudhani mwenzi wake ana nguvu amesahau kuwa nguvu ingekuja na dabo.

Mkono mmoja mzima

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi hesabu inavyofanya kazi mezani.

Kaskazini: shupaza M 6 2, kopa R M 10 9 4, uru F 5, pau F 8 2.
Mashariki: shupaza R G 5, kopa F G 8, uru M 10 4 3, pau R M 3.
Kusini: shupaza F 10 4, kopa 7 3, uru R G 8 2, pau G 9 6 5.
Magharibi: shupaza 9 8 7 3, kopa 6 5 2, uru 9 7 6, pau 10 7 4.

Kaskazini ana pointi 14 na anafungua kopa moja. Mashariki ana 17, mkono umelingana, na kopa anazizuia kwa mfalme na ghulamu. Hakuna atakayemlaumu kwa kauli ya moja bila turufu. Kusini ana 9 na anapiga dabo. Magharibi hana pointi hata moja, wala hana aina ya karata tano ya kukimbilia, hivyo anapasi, na mkataba unabaki hapo.

Kusini anatoa 7 ya kopa. Kaskazini anaweka 9, Mashariki anakula kwa ghulamu. Mapigo yake ya uhakika ni manne: ghulamu na mfalme wa kopa, ree ya shupaza na ree ya pau. La tano linawezekana walinzi wakibanwa na kulazimika kumwongozea aina zake. Zaidi ya hapo kila kitu kinamgomea. Malkia wa uru amekaa mbele ya ree na ghulamu wa Kusini. Malkia wa pau hawezi kumtegea mfalme wa Kaskazini kwa kuongoza kutoka upande wa Magharibi, kwa kuwa mkono wa wazi hauna pa kuingilia. Walinzi wanapata mapigo 8 au 9, na mkataba unaanguka kwa mawili au matatu. Malipo ni 300 au 500 Mashariki asipokuwa hatarini, na 500 au 800 akiwa hatarini.

Kama Kusini angenadi kopa mbili badala ya kupiga dabo, upande wake ungepata 110 kwa kutimiza mkataba huo. Tofauti kati ya 110 na 300 haikuletwa na karata nzuri zaidi wala ufundi wa kucheza. Imeletwa na neno moja katika mnada.

Pointi tisa hazilingani thamani

Pointi ni kipimo cha awali, si thamani yenyewe. Sekenke, wilayani Iramba, ambako dhahabu ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani, mchimbaji hauzi mawe kwa uzito wake; huuliza kwanza yamebeba dhahabu kiasi gani. Mkono wa pointi 9 nao huulizwa hivyo hivyo.

Mikono ya pointi 9 inayofaa zaidi kwa dabo ina mambo matatu. Ina ree au wafalme ambao watakula mapema na kumpa Kusini nafasi ya kuongoza tena aina ya mwenzi wake. Ina karata mbili au tatu za aina hiyo, ili iweze kuongozwa zaidi ya mara moja. Ina pia 10 na 9 zinazosimama nyuma ya karata za Mashariki na kuongeza mapigo polepole.

Mkono wa pointi 9 wenye kopa moja pekee, au usio na kopa kabisa, una upungufu. Kusini akishaongoza karata hiyo moja hana nyingine ya kurudia, na kopa za Kaskazini zinaweza kubaki zimefungiwa. Wenye malkia na maghulamu waliotapakaa bila ree wala mfalme nao ni dhaifu kuliko idadi yake. Kwa upande mwingine, mkono wa pointi 8 wenye ree mbili na kopa tatu ni dabo nzuri kuliko mingi yenye 9. Kusini mwenye aina yake ndefu na imara, kwa mfano uru F M G 10 6 pamoja na ree ya pembeni, anaweza kupiga dabo na kuanza na uru hizo badala ya kopa, kwa sababu walinzi watakimbiza mapigo kabla Mashariki hajakusanya yake.

Aina ndefu katika mkono dhaifu

Kusini asiye na nguvu ya dabo lakini mwenye aina ndefu hunadi aina hiyo katika daraja la pili. Mkono kama shupaza M G 10 8 6 4, kopa 5, uru F 7 3, pau 9 6 2 una pointi 6 tu. Katika ulinzi dhidi ya bila turufu haufanyi mengi: kopa ni moja, na shupaza zinahitaji kuongozwa mara kadhaa kabla hazijaanza kula. Shupaza ikiwa turufu, mkono huo huo una mapigo manne au zaidi hata mwenzi akiwa na karata mbili ndogo. Kauli sahihi ni shupaza mbili.

Kauli hii hudai karata sita, au tano zilizo imara sana. Tano dhaifu hazitoshi, kwa sababu Mashariki ameahidi angalau mbili katika kila aina, na mara nyingi ana tatu au nne zenye nguvu. Kusini akinadi shupaza mbili kwa tano ndogo, Magharibi mwenye pointi 5 anaweza kupiga dabo, na adhabu iliyokuwa imwangukie Mashariki ikamgeukia yeye.

Kuruka hadi daraja la tatu, kwa mfano kutoka moja bila turufu hadi pau tatu, ni kuziba njia: aina ya karata saba au sita nzuri, pointi chache, na nia ya kumnyima Magharibi nafasi ya kutaja aina yake. Jozi nyingine huruka hivyo kuonyesha aina nzuri pamoja na karata nne za aina ya mfunguzi. Njia zote mbili zina watetezi wake. Kilicho muhimu ni jozi kuchagua moja.

Kumuunga mkono mwenzi

Hapa sheria ya jumla ya mapigo inasaidia sana. Mfaransa Jean-René Vernes aliieleza katika kitabu chake cha 1966, na Mmarekani Larry Cohen akaieneza kwa kitabu cha 1992. Inasema kwamba idadi ya mapigo ambayo pande zote mbili zinaweza kupata, kila upande ukicheza kwa turufu yake bora, hukaribia jumla ya karata za turufu hizo mbili. Matumizi yake mezani ni mepesi: upande wenye turufu 8 uko salama kiasi katika daraja la pili, wenye 9 katika la tatu, na wenye 10 katika la nne.

Mfunguzi wa kopa moja kwa kawaida ana kopa tano. Kusini mwenye shupaza 9 2, kopa M 8 3, uru F 10 7 5, pau 9 8 6 4 anajua kuwa wana nane, naye hunadi kopa mbili. Kauli hii ina pointi 5 hadi 8 na haiombi kitu. Kusini mwenye shupaza 8 4, kopa F 9 6 2, uru M 10 7 5, pau 8 5 3 ana pointi hizo hizo 5, lakini kopa zimefika tisa. Anaruka hadi kopa tatu. Mrukio huu si mwaliko wa mchezo kamili, ni ukuta. Magharibi aliyetaka kutaja shupaza zake tano katika daraja la pili sasa lazima aende la tatu au anyamaze.

Mkono wenye kopa tano na aina fupi huenda moja kwa moja hadi kopa nne. Shupaza 3, kopa F G 7 5 2, uru 9 4, pau M 10 8 6 3 una pointi 6 tu, lakini turufu ni kumi, na shupaza zitakatwa baada ya mzunguko mmoja. Pengine kopa nne zitatimia, pengine zitaanguka kwa moja huku wapinzani wakikosa mkataba wao wa shupaza. Kwa vyovyote, mwenye mkono huo hapigi dabo wala hapasi.

Kwa Kusini mwenye pointi 10 au zaidi na kopa nne, swali ni gumu zaidi. Anaweza kupiga dabo na kuvuna adhabu, au kutafuta kopa nne. Mashariki akiwa hatarini na Kusini asipokuwa, dabo kwa kawaida hulipa zaidi. Hali ikiwa kinyume, mchezo kamili wa upande ulio hatarini una thamani ya 620, na adhabu ya 300 haifiki hapo. Jozi nyingi hutumia kauli ya mbili bila turufu kwa mkono kama huu. Kwa kuwa Kusini mwenye nguvu asiyekuwa na kopa angepiga dabo, kauli hiyo haina kazi ya asili, nayo hupewa maana ya kopa nne na nguvu ya kualika mchezo kamili.

Mfunguzi akianza na pau moja au uru moja, mambo hubadilika kidogo. Aina hiyo inaweza kuwa na karata tatu tu, hivyo kuiunga mkono kunahitaji tano. Jozi nyingi hapo huipa kauli ya pau mbili maana ya bandia: shupaza na kopa pamoja, angalau tano kwa nne, mkono usiofikia dabo. Mfunguzi huchagua kati ya aina hizo mbili.

Pasi

Kusini mwenye shupaza G 7 5 3, kopa 8 2, uru M 9 6 4, pau F 8 5 ana pointi 6, hana aina ndefu, wala hana kopa za kutosha. Anapasi. Wachezaji wanaoona pasi kama woga hulazimisha kauli hapo na kujikuta katika daraja la pili wakiwa na turufu saba, wakati Mashariki mwenyewe alikuwa anaelekea kuanguka. Moja bila turufu inayoanguka kwa pigo moja au mawili bila dabo bado ni faida ya 50 hadi 200, na mkono usio na umbo huvuna zaidi katika ulinzi kuliko katika mkataba wake.

Zamu inaporudi kwa mfunguzi

Kusini akipasi na Magharibi naye akapasi, mfunguzi anajua kuwa mwenzi wake hana 9. Kwa mkono wa kawaida anapasi. Kwa kopa sita hunadi kopa mbili. Kwa mkono wa aina mbili, tano kwa tano, hutaja aina ya pili na kumwachia mwenzi achague. Kwa pointi 18 au zaidi anaweza kupiga dabo, lakini lazima akumbuke kuwa Mashariki amekaa nyuma yake na kwamba pointi zilizobaki kwa Kusini ni chache mno. Mapigo yake mwenyewe ndiyo yatakayofanya kazi.

Kusini akipiga dabo, wajibu wa kwanza wa mfunguzi ni kuiacha. Dabo hiyo imepigwa na mtu aliyehesabu pointi 40 na kuziona ziko upande wake. Mfunguzi huiondoa katika hali moja tu: amefungua kwa umbo badala ya nguvu, kwa mfano kopa sita na pau tano zenye pointi 11, mkono ambao hautakula mapigo ya kutosha katika ulinzi. Hapo hunadi aina yake, na Kusini anaelewa kuwa nguvu ilikuwa ndogo. Mfunguzi mwenye 13 na mkono uliolingana anayeiondoa dabo kwa sababu kopa zake ni dhaifu amemnyima mwenzi wake mavuno.

Wapinzani wakikimbia

Baada ya dabo, Magharibi mwenye aina ya karata tano au sita atakimbilia daraja la pili. Jozi yenye nidhamu huweka kanuni moja: baada ya dabo ya moja bila turufu, wapinzani hawachezi mkataba wa daraja la pili bila dabo, isipokuwa mwenzi mmoja ameamua kunadi aina ya upande wake. Kwa kanuni hii, mfunguzi akipasi juu ya uru mbili za Magharibi hajakata tamaa. Anasema kuwa hana karata nne za uru na anamwachia Kusini. Kusini mwenye uru nne hupiga dabo. Asipokuwa nazo hurudi kwenye kopa au hutaja aina yake. Mfunguzi mwenye uru nne nzuri hupiga dabo yeye mwenyewe, nayo ni ya adhabu.

Mizani hapa ni tofauti na ile ya moja bila turufu. Pau mbili au uru mbili zikitimia kwa dabo zina pointi 80 za mkataba, na wapinzani hawapati mchezo kamili. Kopa mbili au shupaza mbili zikitimia kwa dabo zina 120, na mpinzani anapata 470 asipokuwa hatarini, au 670 akiwa hatarini. Kwa hiyo dabo ya aina mbili kubwa hudai turufu nne zilizo imara, wakati ile ya aina ndogo inaweza kutosheka na turufu nne za kawaida pamoja na nguvu ya jumla.

Hatari na aina ya mashindano

Wazo la kuwa hatarini liliingia katika briji ya mkataba kupitia mfumo wa alama ambao Harold Vanderbilt aliujaribu mwaka 1925 katika safari ya meli iliyopita mfereji wa Panama. Kabla ya hapo dabo ilikuwa na uzito mdogo. Tangu hapo, swali la nani yuko hatarini limekuwa sehemu ya kila uamuzi.

Katika mashindano ya jozi, ambako kila matokeo hulinganishwa na ya meza nyingine kwa karata zile zile, pointi 200 zinashinda karibu kila mkataba mdogo, kwa kuwa mingi ya mikataba hiyo inalipa 90, 110 au 140. Mashariki aliye hatarini akiangushwa pigo moja tu kwa dabo hulipa 200. Kusini katika jozi anaweza kupiga dabo hata kwa pointi 8 nzuri. Katika mashindano ya timu, hesabu ni ya tofauti kubwa. Hapo dabo inahitaji matumaini ya mapigo mawili, na kauli za kuziba njia zinahitaji uangalifu zaidi upande wa Kusini ukiwa hatarini.

Mapatano kabla ya kugawa karata

Kila kilichoelezwa hapo juu kinategemea wenzi wawili kuwa na maana moja. Dereva wa lori anayetoka Singida kwenda Nzega hushusha gia juu ya Mlima Sekenke, kabla hajaanza kuteremka kuelekea Shelui. Anayesubiri afike konani ndipo achague gia huwa amechelewa. Jozi ya briji nayo huchagua maana za kauli zake kabla karata hazijagawiwa. Ndani ya mnada hakuna nafasi ya kuulizana.

Maswali ya kukubaliana ni machache. Dabo yetu inaanzia pointi ngapi? Aina mpya katika daraja la pili inadai karata ngapi? Mrukio ni wa kuziba njia au wa kuonyesha karata za mwenzi? Mbili bila turufu ina maana gani? Pau mbili juu ya ufunguzi wa aina ndogo ni ya asili au ya bandia? Wapinzani wakikimbia, pasi yetu inamlazimisha mwenzi hadi wapi? Sita haya yakijibiwa, jozi imejiandaa. Majibu hayo si siri: kanuni za briji zinawapa wapinzani haki ya kuuliza maana ya kila kauli na kuelezwa kwa ukweli. Jozi nayo ina haki ya kuuliza kama kauli ya Mashariki ni ya 15 hadi 18, kwa kuwa wapo wanaoipa maana nyingine, na katika kiti cha mwisho, baada ya pasi mbili, wengi huitumia kwa pointi 11 hadi 14.

Kwa muhtasari, Kusini mwenye 9 nzuri apige dabo na aanze na aina ya mwenzi wake. Mwenye aina ndefu na pointi chache aitaje. Mwenye karata za mwenzi aziunge mkono kwa kadiri ya wingi wake. Asiye na lolote kati ya hayo apasi bila haya. Mfunguzi, kwa upande wake, aiamini dabo ya mwenzi wake, kwa sababu imetolewa na mchezaji aliyekuwa na habari nyingi kuliko wote mezani.